Walowezi wangu hawali nyama, na mwaka wa tatu umetimia

Nimechoka kuambiwa kwamba koloni la wasiokula nyama kwenye RimWorld, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kulisha koloni, haliwezekani bila kuwalisha watu lile rojo ambalo mashine hulitoa kwa chakula kibichi cha aina yoyote. Linawezekana. Langu liko mwaka wa tatu, lina watu wanane, na hakuna aliyekufa njaa. Mmoja alikaribia, lakini huyo alijitakia.

Balaa lenyewe nililitafuta kwa mkono wangu. Nilipoanza mchezo mpya na nyongeza ya Ideology, niliwachagulia watu wangu imani ya kuwaona wanyama kuwa ni viumbe wenye haki kama binadamu. Kwa nini? Alama yake ilinipendeza. Maandishi ya chini sikuyasoma, huwa siyasomi. Siku ya pili nikamtuma mtu akawinde sungura kama nilivyozoea, na alipomwangusha tu, koloni zima likanuna kana kwamba amemuua jirani.

Nikauliza kwa wachezaji wenzangu. Wa kwanza ndiye huyo wa rojo. Sitamkatalia kwamba kwa ubahili mashine ile haina mpinzani: mlo mmoja unatoka kwa vipande 6 tu vya chakula kibichi, wakati mpishi anataka 10. Ila kila anayekula anashuka pointi 4 za furaha, na watu wangu walikuwa tayari wamelala chini kwenye matope. Wa pili akasema nipande mpunga kila palipo na udongo na nipike milo mizuri ya mboga kwa kila mtu, watafurahi na mambo yataisha. Huyu ndiye niliyemsikiliza, na ndiye ninayemdai masaa yangu sita ya usiku.

Mlo mzuri unaongeza pointi 5 za furaha. Ule wa mchanganyiko unakula nyama 5 na mimea 5, jumla 10, sawa kabisa na mlo wa kawaida. Ule wa mboga tupu unakula 15. Niliona tofauti ya 5 nikasema si kitu. Sasa piga hesabu uone: mtu mmoja anakula karibu milo miwili kwa siku, kwa hiyo watu wanane ni milo 14 hivi. Milo 14 mara 15 ni zaidi ya vipande 200 kila siku inayochomoza. Shamba langu lilikuwa na miraba 120. Mraba wa mpunga unatoa mchele 6 kila baada ya siku tano na nusu, yaani kama kimoja kwa siku. Hata mtoto angeliona shimo hilo. Mimi nililiona akiba ilipobaki mchele 40.

Na hapo ndipo ugonjwa wa mimea ulipoingia. Shamba lote lilikuwa mpunga mtupu, bila hata njia katikati, kwa hiyo ukungu ulitembea kutoka mche hadi mche kama moto kwenye nyasi kavu. Nikawatoa watu wote wakakate iliyoambukizwa. Mpishi naye nikamtoa jikoni. Usiku mzima wanakata, na hakuna anayepika.

Wakati huohuo kindi mmoja akapata kichaa na kumvamia mlinzi wangu. Mlinzi akampiga risasi, na kwa kuwa kindi ndiye aliyeanza, hakuna aliyenuna. Nikashukuru. Kumbe mbeba mizigo ameuokota ule mzoga akaupeleka chumba cha baridi. Kumbe meza ya kuchinjia bado ina ile oda ya "chinja daima" niliyoiweka siku ya kwanza. Na kumbe oda yangu ya mlo wa kawaida, niliyoiwasha kwa haraka ili watu wapate chochote, inakubali chakula kibichi cha aina yoyote. Mpishi aliporudi jikoni akachanganya: mchele kidogo, kindi kidogo. Nilikuwa namtazama huku namsifia kwa bidii.

Akala daktari wangu. Alikuwa na njaa kali na hapakuwa na kingine. Furaha yake ikaporomoka hadi chini kabisa, akaanza kuzungukazunguka nje kwenye baridi bila kusikia la mtu, akaacha mgonjwa kitandani. Yote hiyo ni kwa nyama ya kindi ambayo haijazi kiganja.

Nilisimamisha mchezo, nikaenda kunywa maji, nikarudi na kufungua kila oda ya jikoni moja moja. Ndani ya kila oda kuna orodha ya viungo vinavyoruhusiwa. Ondoa alama kwenye nyama, zote, na usiache hata moja ukidhani haitapatikana. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Meza ya kuchinjia nikaibomoa kabisa, na hapo nikapata zawadi nisiyoitarajia: meza ile huchafua mno chumba ilimo, na jiko chafu huleta sumu ya chakula. Tangu niitoe sijaona mtu akitapika. Wachezaji wenye koloni za kula nyama hawakuniambia hilo, bila shaka kwa sababu wao wenyewe wanatapika.

Mizoga nayo? Ninao mbwa wawili. Nikawawekea eneo lao nje, mizoga inapelekwa huko, wanakula ikiwa mibichi. Mwanzoni nilisahau kuwazuia wasiingie chumba cha baridi, nikamkuta mmoja anamalizia mlo wa kifahari niliouandaa kwa ajili ya harusi.

Basi nikarudi kwenye hesabu. Mlo wa kawaida unakula vipande 10, uwe na nyama au usiwe nayo. Asiyekula nyama hadhulumiwi hata punje. Gharama inaanza pale tu unapotaka anasa: mlo mzuri 15, mlo wa kifahari 25. Kwa hiyo kwangu chakula cha kila siku ni mlo wa kawaida, hauongezi furaha wala haupunguzi, na furaha naitafuta kwenye vyumba vya kulala na meza nzuri ya kulia. Usidharau meza, mtu akila bila meza anapoteza pointi 3.

Halafu kuna ujanja ninaouonea fahari. Kila mtu anaweza kupewa kanuni yake ya chakula. Nimetengeneza mbili zaidi ya ile ya kawaida. Ya kwanza ni ya daktari na mlinzi wenye hasira za karibu, wao wanaruhusiwa milo mizuri. Ya pili inaruhusu mlo wa kifahari, na hiyo haina mwenyewe: namhamishia mtu aliyefiwa au aliyeachwa na mkewe, anakula siku mbili, zile pointi 12 zinamvusha, kisha namrudisha kwa wenzake. Mpishi lazima awe na ujuzi wa 8 ndipo apike mlo huo, kwa hiyo mpishi wangu haendi vitani hata iweje.

Shambani mpunga nimeupunguza. Ukigawa mavuno kwa siku, mahindi, viazi na mpunga vinakaribiana sana, tofauti iko kwenye jasho. Mahindi yanakaa kama siku 21 na kutoa 22 kwa mraba, kwa hiyo unapanda na kuvuna mara moja wakati mwenye mpunga ameinama mara nne. Nusu ya shamba ni mahindi, viazi nimevipeleka kwenye udongo mbovu kwa sababu havijali sana, na kipande kidogo cha mpunga kipo kwa dharura. Kati ya vipande nimeacha nafasi pana, somo la ule ukungu. Ubaya wa mahindi ni kwamba baridi ikifika siku ya 19 umepoteza kila kitu, basi napanda mapema au sipandi.

Stroberi ni za safari. Zinaliwa mbichi bila mtu kulalamika na zinadumu siku 14, wakati mlo uliopikwa unaoza siku ya nne ukiwa nje ya baridi. Anayezipanda awe na ujuzi wa kilimo wa 5.

Majira ya baridi yaliyopita tuliingia na mahindi kama 1,900 hivi na kutoka na mia nne na ushee. Mfanyabiashara alipopita nikamuuzia mia mbili. Alitaka pia kuniuzia nyama, kwa bei nzuri kweli. Daktari alikuwa amesimama pale pale.