Nyaya Zilizo Ndani ya Kuta za Shule Zetu

Mlango wa bweni la shule nchini Kenya unapaswa kufunguka kuelekea nje, uwe na upana usiopungua futi 5, na usifungwe kamwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Madirisha yasiwekewe vyuma. Masharti haya yamo katika mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, na mzazi yeyote mwenye futikamba anaweza kuyahakikisha mwenyewe siku ya kumpeleka mwanawe shuleni.

Tuliyapata kwa gharama ya watoto. Huko Bombolulu, Kwale, wasichana 26 waliteketea mwaka 1998. Huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa mwaka 2001 katika bweni ambalo mmoja kati ya milango yake ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Moto wa Kyanguli uliwashwa makusudi, na kwa hivyo hakuna ukaguzi wa umeme ambao ungeuzuia. Lakini mlango ulio wazi ungewaokoa wengi bila kujali aliyewasha kiberiti ni nani. Hapa Nairobi tulizika wasichana 10 wa Moi Girls baada ya moto wa Septemba 2017, na mnamo Septemba 2024 Hillside Endarasha, Nyeri, ikapoteza wavulana 21. Ninapofikiri kwamba mwongozo huo ulikuwa umekaa kwenye rafu kwa miaka 16 kufikia usiku wa Endarasha, nashindwa kuvumilia wale wanaosema kwamba tunahitaji mwongozo mwingine.

Mimi ni fundi wa umeme, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa katika majengo ya mashariki mwa jiji. Kinachonihangaisha zaidi ni kile ambacho futikamba haiwezi kupima.

Shule nyingi ndogo za binafsi katika mitaa kama Kayole, Pipeline na Kawangware hazikujengwa ziwe shule. Zilikuwa nyumba za kupanga, na nyaya zake zilipitishwa kwa mahitaji ya jamaa moja katika kila nyumba: taa chache, televisheni, redio, pasi ya mara moja kwa siku. Kisha chumba cha kulala kikageuzwa maabara ya kompyuta. Kompyuta moja ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kutumia wati 200. Kompyuta 20 ni wati 4,000, na kwa umeme wetu wa volti 240 huo ni mkondo wa takriban ampea 17. Mwalimu akichomeka birika la wati 2,000 kwenye laini hiyo hiyo ili watu wapate chai ya saa nne, mkondo unafika ampea 25. Waya wa milimita mraba 2.5 uliosongamana na wenzake ndani ya bomba la ukutani haukuwekwa pale kubeba mzigo huo asubuhi nzima.

Ikiwa breka, yaani swichi inayojikata mkondo unapozidi, ni ya ampea 20, mzigo huo ukiendelea inaweza kujikata, na hapo itakuwa imefanya kazi yake. Hatari huanza baada ya hapo, kwa kuwa umeme ukikatika mara kwa mara, mwenye shule huona kwamba breka ndiyo mbovu, humwita mtu wa karibu, naye huiondoa na kuweka ya ampea 32. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachokatika na kila mtu hufurahi, ilhali waya uliomo ukutani ndio sasa unaochukua adhabu yote. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Ganda la plastiki hulainika, hukauka, kisha hupasuka kidogo kidogo kwa miezi au miaka, na siku moja nyaya mbili hugusana juu ya dari ya mbao ambayo chini yake watoto wameketi. Nimewahi kufungua sanduku la swichi katika shule moja nikakuta breka ya ampea 32 imefungwa kwenye waya mwembamba wa taa, ule wa milimita mraba 1.5. Ganda lake lilikuwa limegeuka kahawia. Mwalimu mkuu, mama mwadilifu anayewapenda watoto wake kwa dhati, hakuwa na njia yoyote ya kujua.

Madarasa ya mabati yana hatari yake ya pekee. Waya unaopita kwenye tundu lililotobolewa katika bati hukwaruzwa na ukingo wa bati kila upepo unapovuma, na ganda likiisha, ukuta mzima hubeba umeme. Mtoto aliyelowa mvua akiegemea ukuta huo, breka ya kawaida haitamsaidia, kwa sababu mkondo unaoweza kumuua ni mdogo mno kuifanya ijikate. Anayemwokoa ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ukiwa umeunganishwa na mabati yenyewe, pamoja na kile kifaa kinachohisi umeme unaovuja wa miliampea 30 na kuukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia, nacho kibonyezwe mara kwa mara. Shuleni nilikokiona, mara nyingi hakijawahi kuguswa.

Kuhusu jengo lenyewe sitasema mengi, kwa kuwa si fani yangu. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019 darasa la ghorofa lililojengwa kwa mbao na mabati liliporomoka katika shule ya Precious Talent, Ng'ando, hapa Nairobi, na watoto 8 wakafa. Udhaifu wa jengo kama hilo mhandisi angeweza kuubaini mapema.

Sheria inataka kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, naye atie saini cheti cha kukamilisha kazi. Hilo ni jema. Lakini cheti hueleza hali ya siku kilipotiwa saini, nacho hakijui lolote kuhusu kompyuta zilizoletwa miaka sita baadaye. Ndiyo maana nawasihi wazazi, katika mkutano wa kwanza wa muhula, waombe karatasi moja ya vipimo vya mwaka huu: uthabiti wa waya wa ardhi, hali ya maganda ya nyaya, muda ambao kifaa cha umeme unaovuja huchukua kukata, na ukubwa wa kila breka ukilinganishwa na waya wake, pamoja na tarehe na nambari ya leseni ya aliyepima. Shule ya vyumba 8 ikiwa haina karatasi hiyo, upimaji wake ni kazi ya siku moja, na unaweza kufanywa katika likizo ya Agosti madarasa yakiwa matupu na umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, isipokuwa wakati wa kupima kifaa cha umeme unaovuja, ambacho hupimwa umeme ukiwa umewashwa.