Desemba yangu ya utulivu, kutoka Kariakoo hadi Kibosho

Anayeuza nguo za watoto Kariakoo hana Desemba ya kupumzika. Mwezi huu ndio unaobeba mauzo ya miezi kadhaa iliyolala, na ni mwezi huohuo ambao sisi tuliozaliwa Kilimanjaro tunatakiwa kupanda kwenda "kuhesabiwa", kama watani wetu wanavyosema. Mteja anakutaka dukani mpaka usiku, nyumbani Kibosho wanakuuliza unafika lini na unakuja na nini. Ukigeuka, Januari hiyo: ada, kodi ya fremu, daftari.

Miaka ya karibuni naipita Desemba nikiwa nalala usingizi wangu na sauti yangu haijapanda. Naeleza nilivyofanya kwa sababu nawaona dada zangu wengi wa sokoni wakifika sikukuu wamechoka mpaka presha inawasumbua, na inaniuma.

Nilianza na pesa, maana ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko kitu kingine chochote. Mzigo wa sikukuu unapoanza kutoka mwishoni mwa Novemba, fedha ya kwanza inayoingia ni ada ya muhula wa kwanza. Naipeleka benki kabla sijanunua hata soda ya sikukuu. Baada ya hapo naandika kwenye kundi la familia, mapema, kabla mtu yeyote hajaanza kunipangia. Mwaka jana niliandika hivi: "Kaka na dada zangu, shikamooni wakubwa. Mimi mwaka huu naleta mchele, mafuta ya kula na nauli ya mama ya kliniki. Mbuzi na mbege naomba mbebe ninyi." Kaka mkubwa alikaa kimya siku nzima. Wifi akajibu, "Sawa dada, tumekusikia." Mama ndiye aliyepiga simu: "Mwanangu, una shida?" Nikamwambia, "Hapana mama, nimepanga tu." Akashukuru Mungu, tukaongea habari za ng'ombe. Maneno hayo ukiyasema Novemba ni mpango. Ukiyasema tarehe 24 jioni, mbele ya watu, yanageuka ugomvi.

Kitu cha pili nimekitoa kwa bibi yangu. Kengele ya kanisa ya misheni ya Kibosho ilipolia, bibi alikuwa anasimama palepale alipo, jembe mkononi, katikati ya migomba, anasali Malaika wa Bwana. Asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa sita, jioni saa kumi na mbili. Ni sala fupi inayokumbuka malaika alivyomletea Maria habari, na ndani yake kuna Salamu Maria tatu. Kwa hiyo ni sala ya Majilio hasa, yale majuma ya kuingojea Noeli, ingawa tunaisali karibu mwaka mzima.

Kariakoo kengele haisikiki. Mtaa wa Kongo mwezi wa Desemba kila duka lina spika, kila mmachinga ana kipaza sauti chake, na watu wanapita mabega yamegusana. Nikaweka mlio kwenye simu. Ukilia saa sita namwachia msaidizi wangu mteja, nasogea nyuma ambako tumetundika magauni ya watoto, naelekea ukutani, nasali polepole. Nimejizoeza kila Salamu Maria niimalize kwa pumzi moja inayotoka taratibu, halafu navuta nyingine. Mara ya kwanza mteja aliyekuwa anabishania bei ya suti ya mwanawe alikasirika. Niliporudi alikuwa bado amesimama, nami nikamjibu kwa sauti ya chini, na sisi wote wawili tukatulia. Suti aliinunua.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Luciano Bernardi wa Italia. Walipima watu wakisali Rozari kwa Kilatini, wakaona pumzi zao zinashuka hadi takriban sita kwa dakika, na moyo na msukumo wa damu vinaingia katika mwendo uliotulia. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Bibi hakuhitaji kipimo, lakini mimi nilifurahi kukisoma, kwa sababu sasa hata jirani asiyesali naweza kumwambia: toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, urudie kwa dakika mbili, kisha urudi kwa mteja.

Msaidizi wangu ni binti wa Kiislamu kutoka Tanga. Ndiye anayenikumbusha mlio ukizidiwa na kelele: "Dada, muda wako." Nami adhuhuri ikifika nasimama mbele ya duka yeye akaswali. Sidhani kama ningeweza kuishika desturi hii peke yangu.

Nyumbani Dar tunawasha mishumaa ya Majilio, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi wa Dominika ya tatu. Kila usiku tunapokula, televisheni imezimwa na mishumaa ya wiki hiyo inawaka. Watoto walilalamika wiki ya kwanza, ya pili wakaanza kugombania kiberiti. Nyimbo za Noeli hatupigi mpaka mkesha. Sokoni zinapigwa tangu Novemba, na ikifika tarehe 25 watu wameshazichoka, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa.

Safari sina mengi ya kusema. Tiketi nakata mapema, duka nafunga tarehe 21 hata kama wateja bado wapo, na ndani ya basi simu inakaa kwenye mkoba. Kutoka stendi ya Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima ya kukaa bila mtu kukuuliza bei. Natazama mikonge ya Korogwe, kisha Milima ya Upare inayotusindikiza mkono wa kulia mpaka Mwanga.

Kibosho kazi yangu ninayoipenda ni kumenya ndizi na mama. Tunajipaka mafuta viganjani ili utomvu usitugande, mama anakata ncha mbili za mshare, anapasua ganda kwa kisu mara moja tu na kulivua lote, ndizi inaingia kwenye maji isije ikawa nyeusi. Mimi naenda polepole kuliko yeye. Katika kumenya huko ndiko ananiambia yale ambayo kwenye simu hayasemi: goti linalomuuma usiku, jirani aliyeacha kumsalimia, jinsi anavyomkumbuka baba kahawa inapochanua. Kama ningekuwa napiga picha za kurusha, nisingeyasikia. Ninamsikiliza tu, sina haraka ya kumpa dawa ya kila kitu.

Sikukuu yenyewe ya mwaka jana ilikuwa na vishindo vyake. Shangazi aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, Dar imekufanyaje mpaka huleti hata mbuzi?" Nilivuta pumzi, nikamwambia, "Shangazi, mwaka huu mbuzi ni wa kaka. Mimi nimeleta mchele, karibu nikupakulie." Akanipa sahani.

Kubwa zaidi lilikuwa la mpaka wa shamba. Jioni ya tarehe 26, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka, baba mdogo akaanza kusema kwamba sehemu yetu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, imeingia kwake. Kaka zangu wakasimama. Nilihisi moyo unakwenda mbio, nikasali kimoyomoyo kama ninavyofanya dukani, halafu nikasema, "Baba mdogo, shikamoo. Jambo hili ni kubwa na wewe ni mkubwa wetu. Tunaomba tulizungumze kesho asubuhi baada ya chai, mama akiwepo." Alinitazama, akasema, "Marahaba. Asubuhi."

Asubuhi tulitembea kwenye mpaka wote, yeye akiongoza. Kwetu mpaka ni masale, mmea uleule ambao jani lake hupelekwa mtu anapoomba msamaha. Tukakuta pengo: masale mawili yaling'olewa wakati wa kujenga banda la ng'ombe, na hakuna aliyekumbuka kuyarudisha. Kaka mkubwa akakata vipande kutoka kwenye shina la jirani, baba mdogo akaonyesha mahali, wakavipanda. Mama akaleta chai kwa mara ya pili palepale shambani. Suala jingine, la mavuno ya kahawa, bado halijaisha, tumekubaliana kulizungumza Pasaka.