Umande wa Saa Sita Mchana

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilipoanza kupiga bati la nyumba yetu Iringa mjini, nilitoka mbio na ndoo, sufuria na beseni la kufulia. Mama alidhani nakinga maji ya kunywa. Nilikuwa na kimea kimoja ndani kinachokufa, na maji yale ndiyo yaliyokuwa tumaini langu la mwisho.

Mwezi wa sita vilikuwa vitano. Nilivikuta Mufindi, likizoni kwa bibi, tulipokuwa tunalima kinyungu, bustani ya kiangazi kule bondeni, kwenye udongo mweusi unaochuruzika maji kila ukiinua jembe. Pembeni, katikati ya nyasi fupi, vililala vimea vyekundu visivyozidi upana wa kizibo cha soda. Jua lilikuwa la utosi, lakini vilijaa umande. Niligusa tone moja, likanata kidoleni na kuvutika kama mlenda.

"Huo haukauki, mjukuu wangu," bibi alisema. "Muulize huyo mbu." Kweli, alikuwepo mbu, kanasa miguu yote.

Nilivichimba na udongo wake, nikavipanda kwenye tangi la samaki la kioo ambalo baba mdogo alikuwa ameliacha kwa sababu linavuja. Jioni moja kijiinzi cha ndizi kilitua kwenye jani. Nilikaa pale mpaka usiku. Vinywele vya pembeni vilijikunja taratibu, kimoja baada ya kingine, vikiinamia katikati mpaka vikamfunika. Baada ya siku kadhaa jani lilifunguka, limebaki ganda na mabawa tu.

Nilivipenda mno, nikataka vikue upesi. Nikaweka samadi ya mbuzi. Nikamwagilia maji ya kisima chetu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Umande ulitangulia kukauka, kisha majani yakawa meusi. Vinne vikafa.

Mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyenifungua macho. Mmea ule unaitwa Drosera, na ndugu yake wa Ulaya ndiye aliyejaza sehemu kubwa ya kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu. Unawinda kwa sababu udongo wa kinamasi hauna nitrojeni ya kutosha. Mizizi yake imezoea maji laini ya mvua. Chumvi na mbolea vinaiunguza.

Basi siku ile ya mvua niliondoa samadi yote, nikausuuza udongo mara tatu kwa maji ya bati, nikaliweka tangi kwenye dirisha la mashariki. Nikaendelea hivyo kila mvua iliponyesha.

Katikati ya Desemba, kutoka kwenye kile kisiki cheusi, lilichomoza jani dogo lililojikunja, jembamba kama uzi. Siku ya tatu lilikunjuka. Nilimwita mama kutoka jikoni. Aliinama, mikono bado ina unga, akatazama muda mrefu.

"Mbona kina umande saa hizi?"