Masanduku ya Mjerumani, Tabora

Marehemu babu hakuwa mtu wa kuapa ovyo, ila kwa hili aliapa: Mjerumani alipoona Tabora inamponyoka, alizika masanduku ishirini ya dhahabu chini ya mwembe. Safari hii nikasema niende mwenyewe. Nilipanda treni ya reli ya zamani, ile inayojikokota, nikashuka Tabora mgongo ukiwa si wangu.

Dhahabu yenyewe haikuwa hadithi. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Waingereza walikuwa wameziba bahari, fedha kutoka Ujerumani haziingii, basi Wajerumani wakagonga sarafu zao kwenye karakana ya reli hapahapa Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba. Rupia 15, tembo upande mmoja, tai upande wa pili. Zilitoka 16,198, kila moja gramu 7 na kidogo. Ndani ya treni nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye daftari: zote kwa pamoja ni kilo 116. Gunia moja la lumbesa! Na hapo hujatoa zile zilizolipwa watu kabla Wabelgiji hawajaingia mjini tarehe 19 Septemba.

Shimo nilionyeshwa. Lina kina cha kifua, maji ya mvua yametuama, chupa za plastiki zinaelea. Waliochimba walikuja na mashine ya kupimia madini, wakakata mizizi, na sasa nusu ya mwembe imekauka. Hilo liliniuma kuliko masanduku.

Mwenye kiwanja alikuwa kakaa kivulini, upande uliobaki na majani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja na mashine?"

Nikamwonyesha daftari. Akacheka, akafungua pindo la leso, akatoa sarafu. "Hii je?" Niliisugua kwa kidole gumba, ikang'aa njano, moyo ukaruka. Kisha nikasoma: 20 Heller, 1916, na herufi T ya Tabora. Ya shaba. Hizi ziligongwa kwa wingi kulipia vitu vidogo vidogo.

Nikamweleza, tena kwa upole. Akaitazama, akaifunga tena palepale kwenye pindo.

"Sawa, ni shaba," akasema, halafu akanyoosha kidole kuelekea boma la Mjerumani, ambalo siku hizi liko mikononi mwa jeshi. "Na chini ya lile je, daftari lako linasemaje?"