Mgonjwa wa Kupandikizwa Uboho Hafai Kulala Tu

Kazi yangu ya fiziotherapia hapa Nairobi hunikutanisha na wagonjwa wa saratani ya damu wanaojiandaa kwenda India kupandikizwa seli shina, yaani seli za uboho zinazotengeneza damu, na karibu kila familia huja na shauri moja: mgonjwa apumzike, asijichoshe. Shauri hilo hutoka kwenye upendo, lakini silikubali. Mgonjwa huyu atakaa wodini majuma kadhaa, mara nyingi katika chumba cha peke yake, baada ya kupewa kemotherapia kali inayoudhoofisha au kuuangamiza uboho wake kabla ya seli kutiwa mshipani kama damu ya kuongezewa. Hufuata siku ambazo seli nyeupe zimekwisha, mdomo una vidonda na chakula hakipiti. Akilala muda wote huo, misuli hunywea upesi. Na akipewa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama inavyowatokea wengi waliopata seli za mtu mwingine, mapaja ndiyo huathirika zaidi.

Mwaka 1997, Fernando Dimeo na wenzake wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 70 waliopewa kemotherapia ya kiwango cha juu na kurudishiwa seli zao wenyewe. Kundi moja lilikanyaga pedali za baiskeli maalumu wakiwa wamelala kitandani, kwa vipindi vifupi vya kukanyaga na kupumzika, dakika 30 kila siku. Nguvu zao hazikupungua sana kama za wenzao, na hata siku zao za upungufu wa seli nyeupe zilikuwa chache. Hilo la pili siwaahidi wagonjwa wangu, kwa kuwa utafiti mmoja wa watu wachache hautoshi. Hilo la kwanza nalisema bila kusita, maana tafiti zilizofuata zimeliunga mkono.

Hata hivyo, mazoezi haya hupangwa kwa kufuata majibu ya damu ya asubuhi hiyo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka chini ya 10,000 kwa mikrolita, hatari ya kuvuja damu ni kubwa, hivyo wodi nyingi husimamisha mazoezi au kuyapunguza hadi kunyoosha viungo taratibu. Zikiwa chini kidogo ya 50,000, kutembea kunaruhusiwa ila kunyanyua vitu vizito hapana. Homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua huahirisha kila kitu mpaka daktari aseme.

Kabla ya safari, zoezi ninalolipenda ni kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, tena na tena, kwa sababu halihitaji kifaa chochote na hujenga mapaja yale yale yatakayodhoofika. Wengi wa wagonjwa wangu huishi ghorofa ya nne au ya tano katika majengo yasiyo na lifti, na anayerudi kutoka Chennai, mji wa pwani wa India, hurudi kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 akiwa bado na upungufu wa damu. Ngazi humkatisha pumzi. Basi tunapanga mapema: ghorofa moja kwa wakati, kiti kiwekwe kila kituo, jamaa amfuate kwa nyuma. Matembezi ya nje huwa asubuhi, na kwa kuwa vumbi la ujenzi hubeba kuvu wanaoweza kumshambulia mapafuni, tunachagua njia iliyo mbali na majengo yanayojengwa, hata kama ni ndefu zaidi.