Meza ya Majina

Mwaka 2013, nikiwa bado mgeni katika kikundi cha kujitolea mjini Unguja, tuliitwa kwenye mafunzo ya maafa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. MV Spice Islander ilikuwa imezama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba na watu waliopita kiasi. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Mjini petu hukosi mtu anayemjua mtu aliyekuwamo.

Asubuhi ilipita kwa yale tuliyoyatarajia: kufunga bendeji, kumlaza mgonjwa ubavu, kubeba machela bila kumbwaga mtu. Mchana mkufunzi wetu, muuguzi mstaafu ambaye sote tulimwita Sista, akavuta dawati mpaka mlangoni mwa darasa, akaweka juu yake kaunta buku na kalamu iliyofungwa uzi.

"Hapa ndipo mtakaposhindwa," alisema.

Mwaka 2011 Sista alikuwa Maisara, kwenye mahema walikopelekwa maiti ili ndugu waje kuwatambua. Kule baharini, alisema, wavuvi wa Nungwi walikuwa wameshaokoa watu kabla ya wengi wetu kupata habari. Kazi iliyowangoja watu kama sisi ilikuwa ya jamaa: wanaofika wakilia, wanaorudia swali lile lile, wanaotaka kuvuka kamba kwa nguvu.

Akagawa vikaratasi. Changu kiliniambia ninamtafuta mdogo wangu, kavaa shati la buluu, kapanda boti ya usiku, na nisikubali kuambiwa nisubiri. Dawatini alikaa kijana wa chuo cha ufundi, hodari wetu wa machela. Nikampigia kelele kama nilivyoagizwa. Akanishika bega.

"Usijali dada, atapatikana."

Hasira iliyonipanda haikuwa ya maigizo hata kidogo.

Sista akapiga makofi. "Nani kakwambia atapatikana? Umeota?" Akamwondoa, akaketi yeye. Jina kamili. Umri. Kavaa nini. Ana kovu, pete, jino lililong'oka? Tumpigie nani tukipata habari, na wewe urudi saa ngapi kuuliza? Analolijua alilisema, asilolijua alisema halijui, na hakumwachia mtu aondoke mezani bila kumkabidhi kwa mwenzake mwenye kiti na maji ya kunywa. Kila baada ya saa mbili meza ibadilishe mtu, atake asitake. Hilo la mwisho alilirudia sana, nami nahisi lilikuwa limemgusa yeye mwenyewe.

Tukaanza upya, safari hii jamaa wote kwa pamoja, na kwa kweli tulilia vizuri mno. Haukupita muda, mlangoni akatokea mama tusiyemjua, kanga moja kichwani, nyingine mkononi, miguu mitupu.

"Meli gani?"

Taarifa ya mazoezi ilikuwa imepelekwa kwa wakubwa wa mtaa, ikaishia huko huko. Na mwanawe alikuwa anarudi kutoka Dar siku hiyo.

Nikadhani Sista atainuka. Hakuinuka. Alimtazama tu kijana wa dawatini.

"Shikamoo mama," kijana alisema. "Sisi hatuna habari ya meli yoyote iliyozama. Hapa tunafanya mazoezi. Mwanao anaitwa nani?" Akaandika. Mama hakusadiki, maana alikuwa ametuona kwa macho yake tukijipiga vifua. Kijana akaomba namba, akapiga, akaweka spika. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, mama kamkamata mkono wa shati. Mara ikapokewa na sauti ya mtu aliyetoka usingizini: boti ilimwacha, yuko kwa mjomba wake Kariakoo. Kwa maneno yaliyofuata kutoka kwa mama yake, Kariakoo ndiko kulikokuwa salama zaidi kwake siku ile.

Sisi tukaanza kucheka. Sista hakucheka. Kama mama huyu kasikia, wangapi wamesikia? Habari ikishafika sokoni itavuka kwa simu mpaka Pemba kabla hatujakunja machela, na huko kila nyumba itaanza kuhesabu watu wake. Akatugawa wawili wawili, kila jozi na vichochoro vyake. Tuseme neno moja tu, sote lile lile: ni mazoezi, hakuna ajali. Na tutembee. Mtu aliyevaa fulana ya kujitolea akionekana anakimbia, hiyo peke yake ni habari.

Mimi na kijana wa dawati tukapewa Darajani. Tulitembea kama tulivyoambiwa, ingawa miguu ilitaka mengine. Tulipofika, meli ilikuwa na abiria mia nne, na muuza machungwa wa kwanza tuliyemkuta alishajua hata jina lake.

Tukaanza na yeye.