Sauti ya Kijana

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Mwanzo 21, ile habari ya Hajiri na mwanawe Ishmaeli jangwani, na ukweli ni kwamba miaka yote nimeisoma nikiwa na picha ya katoto kachanga kamelazwa chini ya kichaka. Kumbe hesabu haiko hivyo. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli anazaliwa na miaka 100 Isaka anazaliwa, alafu Isaka akanyonya mpaka akaachishwa ziwa ndo Hajiri akafukuzwa. Kwa hiyo yule hakuwa mtoto mchanga, ni kijana wa miaka 14 kwenda mbele. Kijana mkubwa kabisa, na maji yameisha kwenye kiriba, na mama hana la kufanya.

Nimeganda hapo kwa sababu wa kwangu ana miaka 22.

Wengi wenu mnajua ilivyoanza. Kichwa kinamuuma akiamka asubuhi, anatapika, ikifika mchana yuko sawa, tukasema ni macho, ni simu, ni kukesha. Alafu siku moja mkono wa kulia ukaanza kuruka wenyewe akiwa ameshika kikombe, akaanguka, akapata degedege mtu mzima mbele yangu. MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa, ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo upande wa kushoto, karibu na sehemu inayoshughulika na maneno.

Sasa Hajiri aliposhindwa kumwangalia mwanawe akifa alienda kukaa mbali, kama mtupo wa mshale. Simlaumu hata kidogo. Mimi woga ulinipeleka upande mwingine, nikamsogelea mno. Kliniki naingia mimi wa kwanza, faili nimeshika mimi, daktari akiuliza unajisikiaje najibu mimi, analala vizuri daktari, kichwa kimepungua daktari, mpaka siku moja daktari akaniangalia kwa upole tu akasema mama, nimemuuliza yeye. Nikanyamaza. Na kijana wangu sahivi neno linamchelewa, unaona kabisa analitafuta, mdomo uko tayari ila neno halijafika, na sekunde 10 za namna hiyo kwa mzazi ni kama saa nzima, ulimi unawasha kumsaidia. Nikajiuma. Alafu akaongea. Akasema operesheni haimtishi sana, anachoogopa ni kuamka hawezi kuongea. Na akauliza kitu ambacho mimi nisingekiuliza milele, kwamba hizo dawa za kemo, zile za kuua seli za uvimbe, zitamfanya asipate watoto baadaye? Daktari akamwambia inawezekana, na kwamba kuna uwezekano wa kuhifadhi mbegu zake kabla hajaanza dawa. Mimi mama yake niliangalia sakafu. Angenyamaza kwa sababu yangu siku ile, nafasi ingepita.

Nikarudi nyumbani nikafungua tena mstari wa 17. Anayelia pale ni mama, imeandikwa alipaza sauti akalia, lakini malaika hamwambii Hajiri kwamba kilio chake kimesikika. Anamwambia Mungu amesikia sauti ya kijana huko aliko. Nimesoma hapo mara nyingi sana wiki hii. Kijana alikuwa na sauti yake mbele za Mungu, na mama aliyekaa mbali alikuwa haisikii, kama mimi niliyekaa karibu nikaifunika na ya kwangu. Wazazi tunaombea watoto usiku kucha na ni haki yetu, lakini huyu ni mtu mzima, ana mambo yake na Mungu wake ambayo hayapitii kwangu.

Hilo la "huko aliko" nimelielewa kwenye mionzi. Kabla hawajaanza walimtengenezea barakoa, ni plastiki ya matundu matundu, wanaipasha moto mpaka inalegea wanamfunika nayo uso mzima ikiwa bado na uvuguvugu, ndani ya dakika chache inakuwa ngumu imeshika umbo la pua yake na kidevu chake. Kila siku analala chali, barakoa inabanwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo, alafu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, anabaki peke yake. Siku 5 kwa wiki, wiki 6, mara 30. Mara zote 30 nimekaa kwenye kiti nje ya ule mlango, na mtupo wangu wa mshale ni huo, sijauchagua. Akitoka ana mistari ya wavu kwenye paji la uso inachukua muda kufutika. Siku moja tukiwa njiani akasema, bila mimi kuuliza, mama mle ndani huwa naongea na Mungu maana hakuna mtu mwingine. Sikumuuliza wanaongea nini.

Alafu malaika anamwambia Hajiri asimame, amwinue kijana, amshike mkono. Yaani hajaambiwa akae tu asubiri. Kwangu kumshika mkono ni kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku 7, ni daftari la degedege, imeanza saa ngapi, upande gani, imechukua muda gani, ni kumlaza ubavu na kutomtia chochote mdomoni, na ikizidi dakika 5 ni kukimbia hospitali hakuna kujadiliana. Ni kuvumilia akinifokea usiku, maana zile steroidi, dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo, zinamnyima usingizi na zinampa hasira na njaa ya ajabu, na asubuhi anaomba msamaha kwa kitu ambacho si kosa lake.

Na hapa wapendwa naomba niseme kwa upendo. Kuna mtu mwenye nia njema kabisa alimwambia aache dawa aonyeshe imani, na mwingine akamwambia degedege ni mapepo. Mtoto wangu alilia. Ana uvimbe, umeonekana kwenye picha, na hizo steroidi ukizikata ghafla mwili unaweza kuporomoka kwa sababu unakuwa umeacha kutengeneza za kwake, na dawa za degedege ukizikata ghafla degedege inarudi kwa nguvu. Hajiri alipofunguliwa macho akaona kisima cha maji, akaenda akajaza kiriba akamnywesha kijana. Alitembea kwa miguu yake, akachota kwa mikono yake. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchota ni kukosa imani. Vidonge vya mwanangu mimi nachota kisimani.

Alhamisi hii ana MRI ya kwanza tangu mionzi iishe, na wanaojua siku hizi za kusubiri picha wanajua nyumba inavyokuwa. Nilitaka kuwaandikia maombi marefu, nikakumbuka, nikaenda kumuuliza mwenyewe tuombe nini. Akakaa kimya, analitafuta neno, nikasubiri. Akasema, usingizi. Waombe nipate usingizi Jumatano usiku.